Okidi, Shemeji wa Mtini: Tunahesabu Kutoka Nane Hadi Moja

Shemeji, vuta kiti tukae. Utani kati yetu ni haki, na leo nina la kukutania: umezaliwa okidi zikiwa juu ya kichwa chako, umekua nazo, umekata kuni chini yake, na hujaisalimia hata moja.

Najua utajibu upesi kwamba okidi ni ua la hoteli, lile la zambarau linalokaa mezani Bujumbura na Kigali. Hilo ni la ukoo wa Phalaenopsis. Asili yake ni Asia, na siku hizi huoteshwa kwa mamilioni katika nyumba za vioo za Uholanzi na Taiwan. Ni zuri, sikatai. Ila za kwetu hazikuja kwa ndege. Zimeshika matawi, miamba na majani ya milimani tangu kabla babu wa babu yako hajachonga mtumbwi wake wa kwanza.

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipopita Ubwari, huku kwetu kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, mwaka 1858, aliandika kwamba ni kisiwa. Rasi nzima, yenye milima na vijiji vyake, imeshikamana na bara, na yeye akaona kisiwa! Hata hivyo ghuba inayotazamwa na mji wa Baraka ikapewa jina lake. Kwa hiyo sikulaumu sana wewe kutoiona okidi. Kupita mahali bila kupaona kuna historia ndefu kwenye ufuko huu.

Sasa fikiria nchi yenyewe. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukiacha samaki na maboti ya Baraka, ukapanda Fizi, ukazidi kupanda, unaingia safu ya Itombwe, ambayo kilele chake, Mohi, kinafika mita 3,475. Joto la ufuko, ukungu wa msituni na baridi ya majani ya juu, vyote viko katika mkoa mmoja. Okidi zinapenda nchi ya namna hiyo, maana kila ngazi ya mlima huwa na zake. Duniani zimehesabiwa aina karibu 28,000; aina zote za ndege duniani hazifiki nusu ya hapo.

Tuhesabu kinyumenyume, kutoka ya nane hadi ya kwanza. Kipimo changu ni kimoja: kazi gani ya okidi itakufanya useme, "Hapana, shemeji, hiyo unanidanganya."

8. Kubeba nchi

Mwaka 1893, Agnes Joaquim, mwanamke wa Singapore mwenye asili ya Kiarmenia, alitoa okidi chotara bustanini mwake. Mwaka 1981 Singapore ikaifanya ua la taifa. Nimeiweka mwisho kwa sababu kupamba sherehe ni kazi nyepesi. Lakini kumbuka kwamba nembo ya Kongo ina kichwa cha chui, na porini tunayo okidi ya chui. Tutafika kwake, usiniharakishe.

7. Gundi

Waazteki wa Meksiko walikuwa wakichukua mashina manene ya okidi, wakayakausha na kuyasaga, kisha wakauchanganya ule unga na maji. Ilitoka gundi kali ya kubandikia manyoya ya ndege kwenye ngao, vipepeo vya mkononi na picha. Padri Bernardino de Sahagún aliandika habari hizo katika karne ya 16. Fundi wa mitumbwi wa Ubwari anaweza kucheka akisikia gundi ya ua. Acheke, halafu aambiwe kwamba baadhi ya picha hizo za manyoya ziko makumbusho hadi leo, na manyoya yameshika.

6. Chai, maziwa na aiskrimu

Kisiwa cha Réunion kina okidi nyeupe iitwayo Jumellea fragrans. Wenyeji huiita faham. Majani yake yakikauka yanatoa harufu tamu. Huchemshwa kama chai, na wengine huyaloweka kwenye ramu. Mama wa Baraka anayetia mchaichai kwenye sufuria angeelewana na bibi wa Réunion bila mkalimani.

Waturuki wanachimba viazi vya okidi za ardhini, wanavikausha na kusaga unga uitwao salep. Ukiupika na maziwa na mdalasini unapata kinywaji kizito cha majira ya baridi. Ukiutia kwenye aiskrimu, kama wafanyavyo watu wa Kahramanmaraş, inavutika kama mpira na haiyeyuki haraka. Hesabu yake ndiyo inayouma: kilo moja ya unga hula viazi zaidi ya 1,000, na kila kiazi ni mmea uliokufa. Uturuki imepiga marufuku kuuza nje viazi vya okidi za porini. Waarabu wanakijua kinywaji hicho kwa jina la sahlab, na kingi kinachouzwa siku hizi ni wanga wa mahindi. Mnywaji amepoteza, okidi imepona. Mimi niko upande wa okidi.

5. Okidi ya chui na dawa za watu

Huyu hapa sasa. Jina lake la kitaalamu ni Ansellia africana. Anakaa juu ya miti ya savana na miombo katika sehemu kubwa ya Afrika ya joto, Kongo ikiwemo: maua ya njano yenye madoa ya kahawia, kichaka kizima tawini. Mtazame mizizi yake. Mingine inashika mti, mingine inasimama wima, myeupe na yenye ncha, ikikamata majani yanayodondoka. Majani yanaozea humo humo na yeye anakula. Haunyonyi mti hata tone. Nasema hili kwa sauti kwa sababu nimechoka kusikia okidi ikiitwa mnyonyaji na kukatwa kwa kosa la mwingine. Amepanga chumba, hajaiba chakula.

Afrika Kusini, Wazulu wametumia moshi wa mizizi yake dhidi ya ndoto mbaya. China wana okidi mbili kubwa katika dawa zao za kale, Dendrobium na Gastrodia, na leo zinalimwa mashambani kwa ajili hiyo. Sikuandikii dawa, shemeji. Malaria ipeleke kituo cha afya. Nataka ujue tu kwamba chui wetu ameingizwa kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini, na sababu moja ni watu wanaombandua mtini kwenda kumuuza.

4. Asiye na jani, na mkopaji

Kuna okidi za Afrika, ukoo wa Microcoelia, zisizo na majani kabisa. Unaona mizizi tu imetapakaa kwenye gome, na siku moja maua madogo meupe yanatokea katikati yake. Ile mizizi ndiyo inayofanya kazi ya majani: ina ukijani ndani na inapika chakula kwa mwanga wa jua. Ukiikuta utasema ni kitu kilichokufa, upite. Ndiyo maana nakuomba usipite.

Mbegu nazo zina kisa chao. Tunda moja la okidi linaweza kubeba mbegu laki kadhaa, na katika aina nyingine zinapita milioni, laini kama vumbi. Zinapeperuka mbali, lakini haziendi na akiba yoyote. Punje ya mahindi ina unga wake wa kuanzia maisha. Ya okidi haina kitu. Inabidi ikutane na kuvu fulani inayoikopesha chakula, ndipo iote. Mfaransa Noël Bernard aligundua siri hiyo karibu na mwaka 1900, na mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba zinaweza kuoteshwa kwenye chupa yenye sukari bila kuvu. Yale maua ya hoteli yametoka kwenye chupa hiyo. Porini hakuna chupa. Ukichoma msitu unachoma okidi pamoja na anayemkopesha, na kupanda miti mipya peke yake hakumrudishi.

3. Ua lililomjua mgeni kabla hajafika

Januari 1862, Charles Darwin alipokea huko Uingereza okidi nyeupe ya Madagaska, Angraecum sesquipedale. Nyuma ya ua lilining'inia bomba jembamba lenye urefu wa karibu sentimita 30, na asali ikiwa chini kabisa. Darwin akasema lazima kuwe na nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wengine walimcheka. Alifariki mwaka 1882 kabla nondo huyo hajaonekana. Mwaka 1903 wataalamu Rothschild na Jordan wakamtangaza nondo wa Madagaska, Xanthopan, mwenye ulimi uliojikunja mithili ya kamba ya boti. Akiukunjua, unatosha kabisa.

Usidhani hiyo ni habari ya Madagaska peke yake. Nondo wa ukoo huo huo anaishi Afrika bara, Kongo ikiwemo, na okidi nyeupe zenye bomba refu, za koo za Angraecum na Aerangis, ziko katika misitu ya Afrika ya Kati na Mashariki. Mchana hazinuki. Giza likiingia zinafungulia harufu, na weupe wao unaonekana hata kwa mwanga wa nyota. Wavuvi wa dagaa wanapowasha taa ziwani kuvuta samaki, juu mlimani ua nalo linavua, kwa harufu. Ninazipenda kuliko zote, na kama orodha ingekuwa ya uzuri, hesabu yetu ingeishia hapa.

2. Mnofu usiokuwa na mnyama

Shemeji mpenda nyama, tulia. Zambia wanacho chakula kiitwacho chikanda, na Lubumbashi wanakiita kikanda. Kinakatwa vipande kama soseji, kina rangi ya kahawia, kinatafunika kama mnofu. Mnyama hayumo. Kimejaa okidi.

Wanachimba viazi vya okidi za ardhini, za koo za Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis. Vinaoshwa, vinakaushwa, vinatwangwa. Karanga nazo zinatwangwa. Maji yanachemshwa na chumvi na pilipili, unga wa okidi na wa karanga unaingia na magadi kidogo, kisha ni mwiko na nguvu za mkono, kama kusonga bugali. Unga huo una utelezi uitwao glukomanani, unaoshika maji na kuganda. Sufuria inafunikwa, makaa yanawekwa juu ya kifuniko, na kikipoa kinatoka kama mkate. Sombe na samaki wasione wivu. Kikanda kinaliwa chenyewe, au na bugali.

Watu wa huku si wageni wa habari hiyo. Vita vya 1996 na vilivyofuata vilivukisha ndugu zetu wengi sana hadi Kigoma, wakajaza kambi ya Nyarugusu. Wakongomani wengine walikwenda Zambia, katika kambi kama Mwange na Kala, kaskazini kwa wasemaji wa Kibemba, na kwa Wabemba chikanda ni chakula cha nyumbani. Mbembe wa Fizi akaketi kwa Mbemba na kupewa okidi kwenye sahani. Aliyefika kule bila chochote alilishwa na ua, nami siwezi kuandika neno baya juu ya chakula kilichomkaribisha mkimbizi.

Tatizo ni wingi. Okidi hizo hukaa na viazi viwili: cha mwaka uliopita kinachoisha, na kipya cha mwaka ujao. Mchimbaji anataka kile kipya, na akikitoa mmea hauna kesho. Miji ya Zambia ilikua, hamu ikakua, viazi vya karibu vikaisha, na wanunuzi wakavuka mpaka kupitia Tunduma hadi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako viazi huitwa pia vinaka. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha makadirio yao: hadi viazi milioni 4 kwa mwaka vilikuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ukafanywa Hifadhi ya Taifa. Una aina kama 45 za okidi za ardhini, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya joto kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua.

Kwa hiyo nikisema kuna okidi za ardhini kwenye majani ya juu ya Itombwe, tafadhali usitafsiri kwamba kuna soko. Itombwe ni hifadhi ya asili tangu 2006, na mipaka yake iliwekwa mwaka 2016. Okidi zote za dunia ziko chini ya mkataba wa CITES, ambao Kongo iliingia mwaka 1976. Anayetaka kikanda kiwe cha wajukuu pia, atafute namna ya kulima kile kiazi. Mtu wa kwanza atakayefaulu kukilima kwa gunia nitampigia makofi nikiwa nimesimama.

1. Ile unayoila bila kuijua

Mandazi ya harusi, keki ya mtoto anayepakwa mafuta ya ubatizo, aiskrimu wanayonunua ndugu zetu waliohamia Marekani: vanila. Vanila ni tunda la okidi. Ndiyo, shemeji. Umekuwa ukila okidi sikukuu zote, na jirani yako akila kikanda unakunja uso?

Kwao vanila ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako nyuki wa huko hulisaidia ua kuzaa. Wazungu waliihamishia visiwa vya Bahari ya Hindi, ikatambaa vizuri, ikachanua vizuri, ikakataa kuzaa. Wasomi wa bustani walihangaika nayo. Mwaka 1841, kule Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alichukua kijiti chembamba, akainua utando mdogo unaotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua, akabana kwa kidole gumba. Ua likazaa. Alizungushwa mashamba kwa mashamba awafundishe watumwa wenzake. Utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848 akapewa jina la ukoo, Albius. Utajiri hakupewa. Alikufa maskini mwaka 1880, wakati kisiwa kizima kinanuka vanila. Hadi leo Madagaska, Komoro, Uganda na Kongo zinatumia mbinu ya kidole kile. Ukitaka kujua nani ameibeba biashara ya vanila duniani, ni mtoto mweusi aliyekuwa hamiliki hata mwili wake. Jina lake liandikwe kwenye kila chupa.

Kazi yenyewe haina mzaha. Ua linafunguka asubuhi na kufunga siku hiyo hiyo. Ukilala umepoteza tunda. Tunda linakaa mtini karibu miezi tisa, muda wa mimba, na mama wa shambani hulihesabia hivyo hivyo. Likivunwa linatumbukizwa kwenye maji ya moto, linafunikwa litoe jasho, linaanikwa, linahifadhiwa kwa miezi hadi harufu itoke. Kilo tano au sita mbichi hutoa kilo moja kavu. Mwaka 2018 kilo hiyo ilifika karibu dola 600, zaidi ya fedha ile ya vito kwa uzito. Kisha bei ikaanguka vibaya. Usiuze ng'ombe ununue miche.

Hata hivyo, Beni na Ituri wanailima, na ng'ambo ya mpaka Bundibugyo wanailima. Uganda serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna, kwa sababu wezi na haraka viliharibu sifa ya zao. Vanila hutaka kivuli, mti wa kupandia, unyevu, na kiangazi kifupi cha kuishtua ichanue. Na ufuko wa Fizi una miti ya maembe na una kiangazi chake. Chama cha wakulima cha Baraka kikianza na mistari michache chini ya miembe, kikiweka mihogo na karanga palepale kama chakula cha uhakika, nitakuwa wa kwanza kushangilia. Vanila inalipa mti usimame, wakati makaa yanalipa mti uanguke. Hiyo ndiyo sababu nimeipa nafasi ya kwanza.

Na ombi langu kwako, shemeji, ni hili. Okidi ya mti uliosimama iache ilipo, na ya hifadhini usiiguse. Lakini shamba likifyekwa au mti ukianguka, kabla ya kuwasha moto pita kwenye matawi. Ukikuta okidi, itoe pamoja na kipande cha gome lake, ifunge kwa kamba ya mgomba kwenye mwembe wa nyumbani, upande wa jua la asubuhi. Usitie udongo kwenye mizizi, inataka hewa. Wakati mzuri ni Septemba au Oktoba, mvua zinapoanza, kwa sababu itashika mti mpya kabla kiangazi kingine hakijafika.